Kushoto Thelathini na Tatu, Kulia Thelathini na Tano

Binti yangu hakufukuzwa kazi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalosemwa zaidi, na ni uongo mtupu. Kila siku ya kazi, saa mbili kasoro robo asubuhi, anapita kwenye geti la kiwanda cha viatu, kitambulisho kikiwa shingoni, na mlinzi anamsalimia. Anayebisha aende akasimame pale getini ajionee mwenyewe.

La pili, cheti chake cha chuo hakukinunua. Kwa miaka minne nilisikia kwa masikio yangu akisoma kwa sauti chumba cha pili, mpaka mimi niliyekuwa nataka kulala mchana nikajifunza mambo ambayo sikuyaomba.

La tatu ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Wiki tatu zilizopita nilikuwa saluni, kichwa kimelazwa kwenye beseni, povu mpaka masikioni. Kwenye kiti cha tatu alikuwa wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, na hakujua kwamba nipo. Alikuwa akimwambia msusi, kwa sauti ya mtu anayetangaza mnada:

"Si ndiyo damu yenyewe? Baba alikuwa anauza viatu visivyolingana, binti naye kawachechemeza watoto wa shule mji mzima. Tofauti yao, baba alitumia nyundo, huyu katumia kompyuta."

Saluni nzima ikacheka. Wifi naye akacheka, akasahau kwamba hiyo damu anayoisema ni yake pia. Nikainua kichwa na povu langu.

"Hujambo, wifi?"

"Ahaa! Wifi, kumbe upo!"

"Nipo. Endelea, mbona nilikuwa nasikiliza vizuri tu."

Hakuendelea. Alikumbuka ghafla kwamba ameacha sufuria jikoni, akaondoka nusu ya kichwa kikiwa kimesukwa.

Kwa hiyo nitaeleza mara moja, kwa utaratibu, kama nilivyowaeleza watoto wa watu hesabu za sehemu kwa miaka thelathini na moja. Sitarudia.

Mume wangu alikuwa fundi viatu, si mshona viraka. Alikuwa anatengeneza kiatu kuanzia ngozi mpaka kamba. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba hii ninayokaa sasa, na harufu ya gundi haijaisha ukutani hata baada ya kupaka rangi mara mbili. Ukutani palikuwa na rafu ndefu, na juu ya rafu zimepangwa kalibu. Kalibu ni mguu wa mti. Fundi anavuta ngozi juu yake, anapigilia, anashona, kiatu kinachukua umbo. Kila namba ina kalibu mbili, ya kushoto na ya kulia, na kwa macho ya kawaida arobaini na moja na arobaini na mbili huwezi kuzitofautisha.

Mafundi wengi hufunga kikaratasi cha namba kwa uzi. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alipokuja kujifunza kazi, alifanya hivyohivyo. Akafunga vikaratasi vizuri, kwa mwandiko mzuri, akajisifu. Paa likavuja wikiendi moja. Wino ukayeyuka, vikaratasi vingine vikadondoka, naye kwa kuogopa kusema akavirudisha kwa kubahatisha. Siku chache baadaye karani wa posta akaingia karakana akitembea kama mtu anayepanda ngazi kwa mguu mmoja.

"Fundi," akasema, "mguu wangu mmoja umeshafika kazini, mwingine bado uko nyumbani."

Mume wangu alimshonea jozi nyingine bure, akamwomba radhi mbele ya watu. Hayo ndiyo "viatu visivyolingana" vya wifi. Jozi moja, katika maisha yote ya kazi, na aliyeikosea ni kaka yake mwingine ambaye yeye wifi humtaja kila siku kama mfano wa kuigwa. Sikutaka kulisema hili. Nimelazimishwa.

Jioni ile mume wangu alishusha kalibu zote chini. Akachukua patasi ndogo, akaanza kuchonga namba chini ya kisigino cha kila moja, na herufi ya upande. Ilimchukua siku nne. Nilimuuliza kwa nini asipake tu rangi.

"Rangi inatoka," akasema. "Karatasi inatoka. Hii itoke wapi?"

Tangu siku hiyo hukuweza kushika kalibu bila kidole chako kuishika na namba yake. Binti yetu alikuwa na miaka sita, amekaa kwenye benchi pembeni ya baba yake. Kwa vile alikuwa hatoki pale, baba yake alimwita Gundi, na jina likamganda mpaka leo. Nami nitamwita hivyo.

Gundi alisomea kompyuta, akaajiriwa kwenye kiwanda cha viatu vya shule kilichoko ng'ambo ya reli. Kazi yake ilikuwa kuandika programu inayoendesha mikanda miwili ya mwisho, ile inayokutanisha kiatu cha kushoto na cha kulia na kuvitia ndani ya boksi. Jumamosi moja asubuhi, tukiwa mezani jikoni, akaniambia amepata njia ya kufanya kosa lisiwezekane. Nikamwambia maneno hayo nimewahi kuyasikia kwa wanafunzi wengi, hasa kabla ya mtihani.

"Sikiliza basi, Mama. Kwenye programu kila kitu kina aina. Mimi naweza kutunga aina yangu, nikaiita Kiatu. Watu wengi wangetunga Kiatu, halafu ndani yake wakaweka kijisanduku cha kuandikia namba na kingine cha kuandikia upande. Umeona?"

"Nimeona. Kikaratasi na uzi."

Akanikodolea macho, kisha akapiga meza kwa furaha mpaka chai ikamwagika.

"Hasa! Kikaratasi na uzi! Mimi nataka kuchonga. Nataka ile thelathini na tatu iwe sehemu ya aina yenyewe. Lugha ninayotumia inaruhusu. Aina inapokea vigezo, na kigezo kinaweza kuwa thamani, namba kabisa. Kwa hiyo hakuna Kiatu kitupu. Kuna Kiatu cha kushoto thelathini na tatu, kuna Kiatu cha kulia thelathini na tano, na kwa kompyuta hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa, kama ndizi na nyundo."

"Na jozi?"

"Jozi naieleza mara moja tu. Nipe cha kushoto cha namba yoyote, na cha kulia cha namba hiyohiyo. Yoyote, lakini hiyohiyo."

"Kama herufi kwenye mlinganyo."

"Kama herufi kwenye mlinganyo, Mwalimu."

"Na mtu akikosea, akaandika mstari unaochanganya, atajua lini?"

"Kabla mashine haijawashwa. Kuna kitu kinachotafsiri maandishi yangu yaingie kwenye mashine. Kikiona mahali jozi inaundwa bila uhakika kwamba namba ni moja, kinagoma. Hakuna kiatu hata kimoja kitakachotembea."

Nilikuwa nimeelewa, lakini sikuridhika. "Ngoja. Namba ya kiatu huijui mpaka kiatu chenyewe kipite kwenye mkanda na stika yake ya namba isomwe. Sasa utaiandikaje kwenye aina mapema?"

"Jamani, ndivyo ulivyokuwa unawatesa watoto wa watu?"

"Jibu."

Akajibu, na alijibu vizuri. Viatu vya shule vina namba kumi na moja tu, thelathini mpaka arobaini. Mara pande mbili, ni aina ishirini na mbili. Kiatu kinapoingia, stika inasomwa mara moja mlangoni, na kiatu kinapelekwa kwenye mojawapo ya milango ishirini na miwili iliyokwisha andaliwa. Kikishapita hapo, kimechongwa. Hakiwezi tena kusahau namba yake.

Nilimtazama binti yangu nikamwona baba yake na patasi. Sikumwambia. Nilimwambia afute ile chai.

Sasa nitasema jambo ambalo linaniuma, lakini mtu anayedai ukweli hawezi kuuchagua. Gundi alizidisha. Alipoona namba na upande vimekaa vizuri ndani ya aina, akatia na rangi, nyeusi na kahawia. Aina zikawa arobaini na nne, si neno. Kisha akatia na siku ya kutengenezwa, ili viatu vya leo visichanganyike na vya jana. Hapo ndipo mwanangu aliposahau hesabu nilizomfundisha. Namba za viatu zina mwisho, siku hazina mwisho. Kila asubuhi ilikuwa siku mpya, kwa hiyo kila asubuhi kompyuta ilikutana na aina arobaini na nne ambazo haijapata kuziona, na ikabidi itafsiri kila kitu upya, nakala kwa nakala. Mkanda uliopaswa kuanza saa mbili kamili ukawa unaanza saa mbili na dakika arobaini. Wafanyakazi sitini wamekaa, mikono kifuani, wanaimba.

Meneja wa uzalishaji wanamwita Bwana Haraka. Ni mtu mfupi mwenye saa kubwa ya mkononi, na hutembea akiitazama hiyo saa kama wengine wanavyotazama njia. Jumatano moja alimwita Gundi mbele ya wenzake.

"Binti, mimi naendesha kiwanda, siendeshi chuo. Hiyo namba ni namba tu. Iandike kama wanavyoandika watu wote."

Gundi akamweleza kwamba kosa lake ni siku na rangi, kwamba ataviondoa hivyo viwili na kubakiza namba na upande, na kwamba kwa kuwa vyote vimefumwa pamoja anahitaji wiki mbili.

"Wiki mbili? Toa vyote. Ijumaa mkanda uanze saa mbili, au nitafute atakayeuanzisha."

Siku hiyohiyo, saa kumi na mbili jioni, alinikuta napiga pasi. Akasimama mlangoni na mkoba wake begani.

"Mama, niambie nifanye nini."

Hakuwa ameniomba ushauri tangu alipomaliza shule. Wala sikuweka pasi chini.

"Mkubwa wako kasemaje?"

"Anataka nitoe vyote. Namba nayo."

"Basi toa."

"Lakini Mama, namba ndiyo—"

"Mwanangu, kazi kama hiyo watu wanaitafuta kwa tochi. Usiwe mbishi kama baba yako, aliyegombana na kila muuza ngozi mjini. Toa, mambo yaishe."

"Sawa, Mama," akasema, akaenda chumbani. Nami nikageuza kola upande wa pili, nikaendelea.

Ijumaa mkanda ulianza saa mbili kamili. Bwana Haraka alinunulia watu soda.

Programu ile ilikuwa na mahali panne ambapo jozi huundwa: mkanda wa kwanza, mkanda wa pili, meza ya maagizo maalumu, na meza ya marejesho, ambako viatu vilivyotolewa kwenda kukaguliwa hurudishwa. Namba ilipokuwa imechongwa, mahali pote panne palilindwa bila mtu kupakumbuka. Ilipogeuka kuwa kikaratasi, ilibidi Gundi aandike kwa mkono wake, kila mahali, mstari wa kuuliza kama namba zinalingana. Kwa siku moja na nusu, huku mtu mwenye saa kubwa amesimama nyuma ya kiti. Akauandika mahali patatu. Meza ya marejesho akaisahau. Pale programu ikawa inauliza upande tu: wewe wa kushoto, wewe wa kulia, haya, ingieni kwenye boksi.

Siku kumi baadaye mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi alipiga simu kiwandani. Alisema ana mtoto ofisini, kiatu kimoja kinamng'ata na kingine kinamkimbia. Walipogeuza soli wakaona: kushoto thelathini na tatu, kulia thelathini na tano. Mpaka wiki ile inaisha zilipatikana jozi mia mbili na kumi na moja, zote zimepitia meza ya marejesho. Watoto wakawa wanaitana "wachechemeaji" uwanjani. Mji ukacheka sana, na sikatai, mtu akiwa hahusiki, inachekesha.

Kiwanda hakikucheka. Afisa utumishi, mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo, alimpa Gundi barua iliyokwisha chapwa. Ilisema kwamba mfumo uliobuniwa na mtumishi huyu ulikuwa na kasoro tangu mwanzo. Asaini kufikia Jumanne, aondoke kwa heshima na barua nzuri ya sifa. Asiposaini, ataondolewa kwa barua nyingine, isiyo nzuri.

"Husaini," nilimwambia. "Tangu mwanzo? Mwanzo ndio ulikuwa sahihi! Jina la baba yako liko kwenye barua hiyo."

"Nitafikiri, Mama."

"Hakuna cha kufikiri."

Siku zote nne zilizobaki alikula kimya, akaosha sahani kimya, akajifungia na kompyuta yake. Nilijiona kama mtu anayesukuma mlango uliofungwa kwa ndani.

Jumanne asubuhi nilipanda juu ya kiti, nikashusha kalibu mbili za marehemu, arobaini na mbili ya kushoto na ya kulia, nikazifunga kwenye taulo, nikatia kwenye mfuko, nikaenda kiwandani.

"Mama, humo mna nini?" mlinzi akaniuliza getini.

"Miguu."

"Miguu?"

"Ya mti. Nipishe."

Akanipisha. Nadhani aliogopa.

Ofisini niliwakuta watatu: Bwana Haraka, yule mama wa miwani, na Gundi mwenye kompyuta yake ya mkononi. Gundi aliponiona alifumba macho. Nikaweka kalibu juu ya meza.

"Nimekuja kusema kwamba binti yangu hakukosea popote," nikaanza. "Hizi hapa ni—"

Simu ya Bwana Haraka ikalia. Akapokea. Akazungumza habari za lori. Akakata.

"Endelea, Mwalimu, lakini kwa kifupi. Na hivyo vigogo vyako visitukwaruzie meza."

"Si vigogo. Ni kalibu. Chini ya kisigino pame—"

Simu ikalia tena. Lori lilelile.

"Hivi hapa," nikasema, "kuna mtu anayeweza kusikiliza sentensi moja mpaka kwenye nukta?"

"Mwalimu, hapa si darasani."

"Ningejua tu kwa mwenendo. Darasani kwangu watu walikuwa wanasikiliza."

Yule mama wa miwani akakohoa ili asicheke. Bwana Haraka akavimba. Nilikuwa nimejiandaa kuendelea, na nilikuwa na mengi, lakini Gundi akasimama.

"Mama, kaa. Tafadhali."

"Siketi mpaka—"

"Mama. Nilikosea. Meza ya marejesho niliisahau mimi, kwa mkono wangu. Wewe ukisema sikukosea popote, na wao wakisema nilikosea kila mahali, basi humu ndani hakuna msema kweli."

Nilikaa. Sijui kama niliwahi kukasirika vile. Nimetoka nyumbani kwangu na miguu ya marehemu ndani ya taulo kuja kumtetea, na anayeninyamazisha ni yeye.

Gundi akageuza kompyuta iwaelekee wao. Alizungumza polepole, kwa upole, kama baba yake alipokuwa anamweleza mteja kwa nini ngozi ya bei rahisi itapasuka.

"Hii ni programu iliyoendesha mkanda wiki ile. Nimerudisha namba na upande ndani ya aina. Rangi na siku nimeziacha nje, zibaki vikaratasi, kwani ndani hazikustahili kuingia. Mikanda miwili na meza ya maagizo nimeziandika kama zilivyokuwa zamani. Meza ya marejesho sijaigusa, iko vilevile kama Ijumaa ile. Bwana, bonyeza hapo mwenyewe."

Bwana Haraka akabonyeza kwa kidole kimoja, kama anayegusa pasi kujua kama imepata moto. Tukasubiri. Yakatokea maandishi mekundu.

"Imeharibika," akasema.

"Imegoma. Soma."

Akasoma kwa sauti, akikwamakwama. Mstari wa mia nne na kumi na mbili, meza ya marejesho. Jozi inataka cha kulia cha namba ileile ya kushoto. Imepewa cha kulia cha namba isiyojulikana. Programu haikuandaliwa.

"Kwa hiyo..." akasema yule mama wa miwani, akaivua. "Kwa hiyo isingewaka?"

"Isingewaka. Ningeona kosa langu Ijumaa ileile, mezani kwangu, kabla ya mtoto yeyote kuvaa kiatu."

"Na kungoja kwenyewe ni dakika ngapi asubuhi?"

"Umeshuhudia. Dakika moja na nusu. Mkanda mzima, labda nne."

Bwana Haraka aliitazama saa yake, ila safari hii haikumsaidia.

"Basi ungenieleza vizuri siku ile."

"Nilikueleza. Ulisema Ijumaa."

"Na wewe ukakubali!" akasema, kama aliyeokota kitu. "Si ukakubali mwenyewe? Nani alikushika mkono?"

Kalibu ya kushoto ilikuwa mikononi mwangu. Kidole gumba changu kilikuwa kimeingia kwenye ile namba chini ya kisigino, bila mimi kukipeleka. Nilimtazama Gundi. Yeye hakunitazama.

"Nikakubali," akasema. "Hakuna aliyenishika mkono."

Simu ile iliyokuwa ikilia kila mara, wakati huo haikulia. Nilikuwa na nafasi ya kutosha kusema sentensi moja mpaka kwenye nukta. Sikuisema.

Gundi hakusaini barua yao. Aliandika yake palepale, kwa kalamu, sentensi nne. Ya kwanza: nilitia ndani ya aina vitu visivyostahili kuwemo, nikachelewesha mkanda. Ya pili: niliagizwa kutoa vyote kufikia Ijumaa, nikaomba wiki mbili, nikanyimwa. Ya tatu: kwa haraka nikasahau meza ya marejesho, na kosa hilo ni langu. Ya nne: naomba nirudishe namba na upande ndani ya aina, vibaki humo.

Wakaipokea. Wakamwacha kazini, wakamvua uongozi wa kikundi chake, ambao alikuwa ameusubiri miaka mitatu. Akarudisha namba kwa siku tisa za kazi. Tangu hapo hakuna jozi hata moja iliyochanganyika. Bwana Haraka bado ni meneja.

Yangeishia hapo. Lakini juma lililofuata nilipita kiwandani kumpelekea Gundi ufunguo aliousahau, nikaona barua yake imebandikwa kwenye ubao wa matangazo, mahali ambapo kila mfanyakazi husimama kusubiri chai. Imechapwa upya, safi, na mhuri chini. Nikaisoma. Sentensi ya kwanza ilikuwepo. Ya tatu ilikuwepo. Ya pili na ya nne hazikuwepo.

Nilienda moja kwa moja kwa mama wa miwani.

"Dada, sentensi ya pili iko wapi?"

"Mama, ubao wenyewe ni mdogo."

"Ubao una tangazo la kupotea kwa mwavuli lenye mistari kumi na moja."

"Hilo lilitangulia," akasema, akarudi kwenye karatasi zake.

Kwa hiyo mnajua sasa habari za saluni zilitoka wapi. Zilitoka kwenye barua ya nusu. Nilimwambia Gundi aende akadai nusu ya pili, nikamwambia Jumapili, nikamwambia na Jumatatu.

"Mama, achana nayo. Namba imerudi, watoto wanatembea vizuri. Mimi inanitosha."

Kwake inatosha. Mimi ndiye ninayekwenda sokoni, ndiye ninayesalimiwa na watu wanaobana midomo. Ndiyo sababu nimeziandika hapa sentensi zote nne, na yeyote mwenye ubao mkubwa azibandike.

Nami naongeza ya tano, ambayo haikuwa kwenye barua yake kwa sababu alikataa kuiandika. Jumatano ile, saa kumi na mbili jioni, binti yangu alikuwa na mashaka, na mtu aliyemwambia atoe namba ni mama yake, bila kuweka pasi chini. Ofisini alipoulizwa ni nani, hakumtaja. Mpaka leo hajamtaja kwa mtu yeyote, hata kwangu. Haya, wifi, ichukue hiyo uipeleke saluni. Ila ukifika nayo, ifikishe nzima.

Kalibu zimerudi kwenye rafu, na mlango wa mbele huwa wazi mchana. Anayetaka kuona kama fundi yule alikuwa mtu wa kuuza viatu visivyolingana aingie, ageuze kisigino, aguse. Maswali sijibu. Tuliyosemezana mimi na binti yangu siku ile tukirudi kwa miguu, na kama amenisamehe au bado, ni mambo ya nyumba hii. Sisemi zaidi.